Kabla Kipeperushi Hakijaenda Mashineni

Mteja anayekuja kuomba kipeperushi, au depliani kama wengi wanavyokiita hapa Goma, huwa ameshaamua mambo mengi. Anajua rangi anazozitaka, anajua picha ya mkurugenzi ikae wapi, anajua siku ya kuipokea kazi. Jambo kubwa kuliko yote ndilo ambalo bado hajaliamua: mtu atakayepewa karatasi hiyo afanye nini akimaliza kuisoma. Mbunifu asipomuuliza, atatengeneza kitu cha kupendeza ambacho kesho yake kitafungiwa karanga sokoni.

Ushauri wa jumla haumfai sana mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, kwa hiyo nitafuata mfano mmoja tangu mazungumzo ya kwanza hadi karatasi inapofika mkononi mwa msomaji. Tuseme mteja ni kituo cha afya kilichopo upande wa Ndosho, na anataka kipeperushi juu ya kipindupindu. Kituo hicho nimekibuni, lakini ugonjwa wenyewe mji huu unaujua vizuri. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia hapa ndani ya siku chache, na kipindupindu kikaua watu kwa makumi ya maelfu. Tangu hapo kimerudi mara nyingi, na miaka ya karibuni kiliwafuata waliokimbia vita hadi kambi zilizokuwa pembezoni mwa mji. Kipeperushi cha namna hii kikikosewa, mtu anaweza kufa. Kikikosewa cha duka la viatu, hasara ni ya fedha. Hata hivyo njia ya kuvitengeneza ni ile ile, na anayetangaza shule, hoteli au kahawa ya Kivu atakuta humu karibu yote anayoyahitaji.

Mteja aulizwe kwanza

Kaa na mteja kabla hujafungua programu yoyote, umuulize nani atakayesoma. Karibu kila mteja hujibu, "Watu wote wa Goma." Usilikubali jibu hilo. Watu wote wa Goma ni mfanyabiashara wa Birere, ni motari anayengojea abiria pale Rond-point Signers, ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ni mama anayeshuka ziwani Kituku alfajiri na bido la lita 20. Hawa hawasomi kwa namna moja, hawaogopi kitu kimoja, wala hawapokei karatasi mahali pamoja. Kwa kipindupindu tunamtafuta yule wa ziwani, kwa kuwa maji anayoyachota ndiyo yatakayonywewa nyumbani kwake, na kwa kuwa mtoto akianza kuhara usiku, yeye ndiye atakayekuwa macho.

Swali la pili ni lile la kitendo, nalo linahitaji uvumilivu. Mazungumzo huenda hivi:

"Mama, mtu akishaisoma hii, afanye nini?"

"Ajue kwamba kipindupindu ni hatari."

"Hilo analijua, Mama. Akishajua, afanye nini?"

"Aje mapema. Asingoje mpaka mtoto amelegea."

Jibu hilo la mwisho lina thamani kuliko kurasa nne za maelezo ya mradi. Limetoka kwa muuguzi aliyekwisha kupokea watoto waliocheleweshwa, na limetoka kwa maneno ambayo mama wa Kituku mwenyewe angeyatumia. Liandike papo hapo kama lilivyotamkwa, kisha uliweke mbele kabisa: "Usingoje mtoto alegee. Mlete mapema." Kichwa kama "Uhamasishaji wa jamii katika mapambano dhidi ya kipindupindu" kinazungumza na ofisi. Mama akikiona hatajua kwamba ni yeye anayeambiwa.

Baada ya hapo omba vitendo vingine, visizidi vitatu kwa jumla. Kwa mfano wetu vitakuwa hivi: pitisha bido lako kwa mtu wa klori, yule anayetia dawa kwenye maji, kabla ya kuondoka ziwani, mtoto akianza kuhara maji maji mnyweshe maji ya chumvi na sukari mara moja, mlete kituoni huku ukiendelea kumnywesha. Kila kitu kingine ambacho mteja anataka kukiingiza, kama historia ya kituo, orodha ya huduma na nembo za wafadhili, kipimwe kwa vitendo hivyo. Kikisaidia kimojawapo, kiingie. Kisiposaidia, kipewe nafasi ndogo nyuma au kiachwe. Mteja atalalamika kidogo. Mweleze kwamba mfadhili anayeona nembo yake kwenye karatasi isiyosomwa hajapata chochote, na kwa kawaida atakuelewa.

Kiswahili kinachosemwa nyumbani

Hapa nitakaa zaidi, maana vipeperushi vingi vya mji huu hukwamia hapa.

Tuliliona hilo wakati wa Ebola, iliyotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Mgonjwa wa kwanza katika mji wa Goma alithibitishwa tarehe 14 Julai 2019, na siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Katika miezi hiyo mabango na vipeperushi vilichapwa kwa wingi sana. Mwaka 2019 shirika la Translators without Borders lilikaa na wakazi, Goma ikiwemo, likawauliza wanavyoielewa habari wanayopewa. Ilionekana kwamba Kifaransa cha madaktari kiliwapita wengi, na Kiswahili sanifu cha vitabuni nacho hakikuwafikia kama Kiswahili wanachozungumza wenyewe. Tena watu hawakuridhika na maagizo matupu. Walitaka kuelezwa sababu: kwa nini chanjo hii apewe huyu na yule aachwe, kwa nini maiti asioshwe na ndugu zake, nini kinatokea ndani ya kituo cha matibabu mgonjwa akishaingia.

Mbunifu wa Goma anapaswa kuyachukua yote mawili. La kwanza, mteja akikuletea maandishi yaliyotafsiriwa mjini Nairobi au Dar es Salaam, usiyapeleke mashineni kama yalivyo. Kiswahili hicho ni kizuri, na msomaji mzoefu atakifuata bila taabu. Lakini anayesoma kwa kuhangaika hukwama kwenye neno moja tu kisha akaiweka karatasi chini. Anaposoma "zahanati" hajui kama ni pale pale kituo cha afya anapopajua. Siku za wiki ni hatari zaidi. Wengi wetu tunahesabu siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu. Aliyezoea hesabu hiyo akikuta "Jumatatu" anaweza kuishika ile "tatu" akaja katikati ya wiki, siku ambayo kliniki ya watoto haifanyiki. Andika "siku ya kwanza, lundi", na hakuna atakayepotea. Saa nazo ziandikwe kwa tarakimu kama simu inavyozionyesha, 8h00 au 14h30, na neno asubuhi au mchana lifuate.

La pili ni kuhusu sababu. Kuna imani iliyoenea kati ya wabunifu kwamba maneno yakiwa machache zaidi kipeperushi kinakuwa bora zaidi. Mimi siikubali. Punguza mapambo ya lugha, punguza sifa za mteja, lakini usipunguze sababu. "Tia klori" ni amri. "Maji ya ziwa yanaonekana safi, lakini kidudu cha kipindupindu hakionekani kwa macho, klori inakiua, na baada ya nusu saa maji yanafaa kunywewa" ni maelezo, na mtu akishaelezwa hivyo atamweleza jirani yake. Kipeperushi cha kukunjwa kina kurasa sita ndogo. Nafasi ya kueleza ipo, ikiwa haikujazwa vitu vingine.

Mteja akitaka Kifaransa pia, kwa ajili ya wakubwa na wafadhili, mshauri achape toleo la pili, hata kama ni nakala chache. Lugha mbili katika nafasi moja hulazimisha herufi zipunguzwe, na anayeumia ni yule ambaye karatasi ilitengenezwa kwa ajili yake.

Maandishi yakikamilika, yajaribiwe kabla ya kupambwa. Chapa kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi, uende nayo mahali msomaji wako alipo: ziwani, kwenye foleni ya kliniki, kwenye baraza la mama mwenye meza ya sambaza. Watu wachache wanatosha. Usiwaulize kama wameelewa, maana mgeni akiuliza hivyo ataitikiwa "ndiyo" kwa adabu. Waambie, "Mama, nieleze kwa maneno yako, karatasi hii inakuambia ufanye nini?" Kisha nyamaza. Pale anapositasita, pale anaporuka mstari, pale anapouliza "hii ni nini?", weka alama. Asiyejua kusoma mpe pia, umsikilize anavyozieleza picha. Shughuli hii yote humalizika katika asubuhi moja, na sijaona hatua nyingine inayookoa makosa mengi kwa gharama ndogo kama hii.

Karatasi inavyokunjwa

Kipeperushi cha kawaida ni karatasi ya A4, milimita 297 kwa 210, iliyolazwa na kukunjwa mara mbili ikatoa kurasa tatu kila upande. Wanaoanza hugawa 297 kwa tatu wakapata 99, kisha wanashangaa karatasi inapokataa kufunga vizuri. Ukurasa unaoingia ndani unatakiwa uwe mfupi kidogo kuliko wenzake. Tumia milimita 100, 100 na 97. Upande wa ndani, ukihesabu kutoka kushoto, ni 100, 100, 97. Upande wa nje unageuka: 97 kushoto, ambao ndio unaokunjwa kuingia ndani, kisha 100 wa mgongo, kisha 100 wa mbele. Kama kunjo ni la kwenda na kurudi, hapo ndipo 99 kwa kila ukurasa inafaa.

Kabla ya kuchora chochote, kunja karatasi tupu kwa mikono yako, uandike kwa kalamu namba za kurasa kwa mpangilio ambao msomaji atakutana nazo. Ataona ukurasa wa mbele. Akifungua, ataona kwa pamoja ukurasa wa kwanza wa ndani na ule mfupi uliokunjwa. Akifungua tena, ndani yote iko wazi. Mgongo ataugeuza mwisho, au hataugeuza kabisa. Kwa kipeperushi chetu, onyo la kutongoja likae mbele. Dalili na sababu zikae pale anapofungua mara ya kwanza. Ndani yote, kurasa tatu zikiwa wazi kwa pamoja, ipewe vitendo vyenyewe kwa hatua na picha, maana hapo ndipo penye nafasi pana, na hapo ndipo anaweza kuibandika ukutani. Anwani, simu na nembo ziende mgongoni. Usiruhusu sentensi wala uso wa mtu upitiwe na kunjo.

Acha milimita 3 za rangi au picha nje ya mstari wa kukatia, kila upande, ili kisu kikiteleza kidogo usibaki ukingo mweupe. Maandishi nayo yakae ndani ya mstari huo, angalau milimita 5. Herufi za maelezo zisipungue pointi 11. Watu wengi watakisoma jioni, kwa mwanga wa simu au wa taa ndogo, na wazee wengi hawana miwani.

Picha

Picha ya hatua inasomwa kwa utaratibu ambao msomaji amejifunza mahali fulani. Ambaye hakukaa shuleni muda mrefu hana sababu ya kuanza kushoto juu. Weka namba kubwa 1, 2, 3. Chora mtu mzima au mkono ulioungana na mtu, maana mkono uliokatika peke yake huonekana kama jeraha. Usikuze nzi akawa mkubwa kama kikombe. Kati ya waelimishaji wa afya husimuliwa kisa cha wanakijiji waliosema kwamba nzi wa kwao si wakubwa hivyo, kwa hiyo hatari hiyo haiwahusu. Alama ya X nyekundu juu ya kitendo kilichokatazwa nayo ijaribiwe. Wapo wanaoiona kama mapambo.

Maji ya chumvi na sukari ni mtihani mzuri wa mchoraji. Pakiti ya dawa ya kurudisha maji mwilini ndiyo bora, na iwe ya kwanza katika picha. Isipopatikana, lita 1 ya maji safi inachanganywa na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi, mtoto anadhurika. Kwa hiyo mchoro uonyeshe kijiko kilichokwanguliwa juu kwa kisu, na pembeni kijiko cha mlundo kimekatazwa. Lita moja nayo nyumbani haina chombo chake. Chupa za nusu lita zimejaa mji mzima, chora mbili. Nusu kijiko ichorwe kikiwa kijiko kimejaa hadi nusu, tena iandikwe kwa neno "nusu", kwa kuwa 1/2 wengine huisoma moja na mbili.

Kuhusu picha za kamera nina msimamo mkali. Goma imepigwa picha kwa miaka zaidi ya thelathini, mara nyingi ikiwa imelala chini: wakimbizi wa 1994, lava ya Januari 2002, kambi, majeruhi. Usimweke mtoto mgonjwa, uchi na mnyonge, kwenye karatasi itakayopita mikononi mwa majirani zake. Hana uwezo wa kukataa, na mama yake aliyekubali akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa hakuwa na nafasi ya kufikiri. Onyesha mtoto anayekunywa, mama aliyemshika, muuguzi anayetabasamu. Omba ruhusa ya kila mtu anayeonekana usoni, ukiwa umemweleza picha itakwenda wapi na itabaki huko kwa muda gani. Mchoro mzuri wa mchoraji wa hapa mara nyingi unashinda picha, na unamlipa kijana wa Goma.

Mteja akikutumia picha kwa WhatsApp, mwambie azitume kama dokumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida, programu inazibana na mashine ya kuchapa itaonyesha ukungu ambao skrini iliuficha. Uchapaji mzuri unadai nukta 300 kwa inchi, kwa hiyo picha itakayokuwa na upana wa sentimita 10 inahitaji nukta kama 1,200 kwa upana. Nembo idaiwe katika faili lake la asili. Nembo iliyonakiliwa kutoka barua ya zamani haisafishiki.

Rangi katika mji wenye volkano

Skrini inachanganya mwanga, mashine inachanganya wino: siani, majenta, njano na nyeusi. Bluu ya ziwa inayong'aa kwenye kompyuta itatoka imepoa kwenye karatasi. Badilisha faili liwe katika rangi za wino mapema, umwonyeshe mteja rangi hizo zilizochapwa, asije akashtuka siku ya mwisho. Maandishi madogo yawe ya wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa wino nne, zikisogea kidogo tu herufi zinakuwa na kivuli. Maandishi meupe madogo juu ya rangi nzito nayo humezwa na wino.

Halafu kuna maana ambazo rangi zimekwisha kupewa hapa. Wakazi wa Goma wamefundishwa ngazi za tahadhari za volkano ya Nyiragongo, kijani, njano, rangi ya chungwa na nyekundu, zinazotolewa kwa uchunguzi wa kituo cha volkano, OVG. Ukichora mlima nyuma ya kichwa chekundu ili kupendezesha, kuna atakayeuliza kama mji unahama. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, na amri ya kuhama mitaa 10 iliyotolewa alfajiri ya tarehe 27, hakuna anayecheza na jambo hilo. Chunguza pia kama rangi mbili alizozipenda mteja zikikaa pamoja zinafanana na za chama cha siasa au kundi lolote lenye silaha. Katika mji ambao kundi la M23 liliuteka mwishoni mwa Januari 2025, karatasi isiyoeleweka ni ya nani inaweza kumletea taabu yule anayeigawa barabarani.

Njia, simu na bei

Goma haitafutwi kwa namba ya nyumba. Toa jina la avenyi kama linajulikana, lakini mwongoze msomaji kwa alama: rondpoint, kanisa, kituo cha mafuta, shule, na jina ambalo motari analijua. Ukichora ramani, weka ziwa chini na Nyiragongo juu, maana hivyo ndivyo mtu wa hapa anavyojua amesimama wapi. Barabara ya Sake ichorwe nene, vichochoro viachwe. Alama mbili tatu zinatosha.

Simu iandikwe kamili na +243, kwa kuwa wapo wanaopiga kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na kama mteja ana laini za mitandao miwili, zote ziwekwe na jina la mtandao kando ya kila moja. Ipige kila namba mwenyewe kabla ya kuchapa. Kama kuna malipo, taja njia zinazofanya kazi, kama Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, maana baada ya Januari 2025 benki zilifunga milango na wengi wamebaki na simu na fedha taslimu. Bei ya franga huzeeka haraka kuliko karatasi. Ikiwa lazima bei iwemo, na mteja anapokea dola, iandikwe kwa dola. Kama huduma ni ya bure, "bure" liwe neno kubwa, si la kutafutwa chini ya ukurasa.

Kwa mchapaji

Karatasi ya gramu 80 ni ya fotokopi. Ukiipaka rangi pande zote mbili, upande mmoja unaonekana kwenye mwingine. Kwa kipeperushi cha kukunjwa gramu 130 hadi 150 inakaa vizuri mkononi. Ukivuka 170 lazima mstari wa kunjo ukandamizwe kwanza, la sivyo karatasi itapasuka. Karatasi inayong'aa inapendeza na inavumilia kidogo jasho na vumbi letu jeusi, lakini kalamu ya biki haiandiki juu yake. Kama muuguzi anatakiwa kuandika siku ya kurudi, chagua isiyong'aa. Usipitishe rangi nzito kwenye kunjo; wino hukatika hapo na ufa mweupe hutokea baada ya siku chache mfukoni.

Kuna njia mbili za kuchapa, na hesabu yake ni rahisi. Mashine ya kidijitali haina gharama kubwa ya kuanzia, na kila nakala ina bei ile ile. Ofseti inataka pleti, nne kwa kila upande wa rangi kamili, yaani kwa kawaida 8 kwa kipeperushi chetu, lakini zikishatengenezwa kila nakala ni rahisi. Tuseme kidijitali ni senti 30 za dola kwa nakala, na ofseti ni dola 120 za kuanzia na senti 10 kwa nakala. Kwa nakala 600 zote mbili ni dola 180. Chini ya hapo nenda kidijitali, juu ya hapo nenda ofseti. Weka bei halisi ulizopewa katika hesabu hiyo hiyo, na usisahau kukunja na kukata, maana wachapaji wengine huzitoza kando.

Kazi kubwa kubwa za Goma zimekuwa zikipelekwa Kigali au Kampala, ambako Nasser Road ni mtaa mzima wa wachapaji. Bei inaweza kuwa nzuri. Lakini hesabu usafiri, ushuru wa mpakani, na siku ambazo mpaka unaweza kufungwa bila taarifa. Kosa likionekana baada ya mzigo kufika, hakuna wa kumrudia. Kwa nakala elfu moja au mbili napendelea mchapaji wa hapa, ambaye ninaweza kusimama kando ya mashine yake. Panga siku za ziada kwa ajili ya umeme.

Kabla ya kuchapa zote, dai nakala moja iliyochapwa, kukatwa na kukunjwa kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Mteja aisome kwa sauti mbele yako, neno kwa neno. Jicho hurekebisha makosa bila kumwambia mwenyewe, sauti hukwama. Kwa kipeperushi cha afya, vipimo visomwe na muuguzi ambaye hakushiriki kuviandika. Kisha mteja atie saini na tarehe juu ya nakala hiyo, nawe uitunze. Saini hiyo inamlinda yeye, wewe na mchapaji.

Mikononi mwa nani

Mzigo ukifika ofisini kwa mteja, unaweza kukaa kwenye makatoni hadi mwisho wa mwaka. Zungumzeni ugawaji mapema, kwa sababu unabadilisha hata idadi ya kuchapa. Kwa mfano wetu, mahali pa kwanza ni pale ziwani, kwa mtu wa klori. Anapotia dawa kwenye bido anakuwa na nusu dakika ya kuzungumza na mwenye bido, na karatasi iliyotolewa pamoja na neno husomwa. Pa pili ni kwa mama aliyeruhusiwa na mtoto wake, wakati muuguzi anamweleza jinsi ya kuendelea nyumbani, akimwonyesha picha moja moja kwa kidole. Makanisa na misikiti baada ya ibada, wakubwa wa nyumba kumi, wauza dawa mitaani, wote hao wanafaa, ila wapewe chache chache na waelezwe wanachogawa. Kutupia vipeperushi juu ya meza ya mapokezi ni kuviacha.

Baada ya wiki mbili tatu, rudi Kituku uulize. Nani ameiona karatasi, ameiweka wapi, anakumbuka nini, kimemchanganya nini. Mteja naye awaulize wanaoleta watoto ni nani aliyewaambia waje. Majibu hayo yaandikwe kwenye daftari la kazi hiyo, kando ya nakala iliyosainiwa, kwa ajili ya toleo linalofuata.

Chini kabisa ya mgongo, kwa herufi ndogo zinazosomeka, weka mwezi, mwaka na namba ya toleo. Kituo kitahama, laini ya simu itakatwa, mahali pa klori patabadilishwa, na kipeperushi cha zamani kitaendelea kuzunguka nyumba kwa nyumba. Toleo jipya likitoka, wanaogawa waombwe kukusanya lile la zamani, na tarehe hiyo ndiyo itakayowaonyesha lipi la kuchoma.